Jumba la Kiingereza la Alhaji Mbaruku

Vijana mnaoficha bati, nawasalimu. Nasikia siku hizi fundi asiyejua kuficha bati hapati kazi, na mwenye nyumba ambaye bati lake linaonekana barabarani hujisikia kama mtu aliyetoka nje na taulo. Hongereni sana. Mimi nimestaafu, magoti hayapandi tena ngazi, kwa hiyo sina cha kuwazuia isipokuwa maneno, na maneno hayajawahi kuzuia maji.

Naitwa Butoyi. Wasio Waha wajue tu kwamba jina hilo hupewa pacha aliyezaliwa wa pili, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nimezoea kufika mahali nikakuta mwenzangu ameshachukua nafasi nzuri. Nimekuwa mwashi Kasulu, Kibondo na vijiji vya katikati tangu enzi ambazo saruji ilifika huku kwa nadra kama askofu. Nimejenga shule, zahanati, vyoo vingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na jumba moja la Kiingereza. Hilo jumba ndilo nataka kuwasimulia, kwa sababu nyumba zenu zote ni watoto wake, hata kama hamumjui mama.

Kwanza aliyenifundisha. Mzee Kidahe wa Makere hakuwa mtu wa kusifu. Nikimaliza ukuta, alikuwa anauangalia kama mtu anayeangalia mbuzi mgonjwa. Nikimaliza mfereji, alikuwa anachukua ndoo ya maji, anamwaga, kisha ananilaza chini kwenye tope nione maji yanaelekea wapi.

"Ukimaliza kujenga," alikuwa akisema, "sahau kwamba wewe ni mtu. Kuwa maji. Sasa niambie, ungepita wapi?"

Siku ya kwanza nilijibu kwa ujana wangu, "Ningepita kwenye mfereji, mzee."

"Maji hayana adabu hiyo," akasema, akanimwagia yaliyobaki.

Chuo changu kilikuwa hicho. Ada ilikuwa homa ya mapafu.

Sasa Alhaji Mbaruku. Baba yake alikuja Kasulu kutoka Pangani na furushi la kanga, mwana akaliendeleza likawa duka kubwa mjini na ghala la maharage nyuma yake. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kucheka, asiyependa kupitwa na chochote chenye magurudumu au ghorofa. Binti yake mkubwa, Rukia, ni muuguzi Uingereza. Mwaka 2012 Rukia akamwita baba yake akatembee. Alhaji akakaa huko muda wa kutosha kujifunza kusema "kule kwetu" bila kumaanisha Pangani wala Kasulu.

Aliporudi aliniita dukani, akafunga mlango wa ofisi, akatoa simu.

"Fundi Butoyi, angalia hii."

Nikaangalia. Kulikuwa na kidole gumba. Nyuma ya kidole gumba kulikuwa na nyumba ya mawe, kubwa kama hospitali, mlango katikati, madirisha yamepangwa kushoto na kulia sawasawa kama askari wa gwaride, nguzo mbele, na juu, badala ya paa, ukuta mwingine. Paa halikuonekana kabisa.

"Ni ya nani?" nikauliza.

"Zamani ilikuwa ya bwana mmoja mkubwa. Sasa watu wanaingia kuitazama. Rukia alinipeleka." Akaweka simu mezani. "Fundi, tulizunguka mle ndani mpaka miguu ikawaka moto. Kila chumba kina viti vizuri, na kila kiti kimefungiwa kamba. Nikasema nikae kidogo. Mama mmoja mwenye mvi akanijia kwa upole, akaniambia viti hivi si vya kukalia. Wewe umewahi kusikia kiti kisicho cha kukalia?"

"Sijawahi, Alhaji."

"Basi nikaapa palepale. Nitajenga kama ile, na nitakaa ninapotaka."

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka, ila nilipofika nyumbani. Lakini mtu mzima aliyenyimwa kiti mbele ya binti yake huwezi kumshauri ajenge vyumba vitatu na sebule. Nikamwambia tutafute mtu wa kuchora.

Mchoraji alikuwa Injinia Upendo, binti wa Iringa aliyeletwa kufanya kazi Kasulu, ambaye jioni na siku za mapumziko alichora ramani za watu. Alinisalimia shikamoo kila tulipokutana kisha akabishana nami mpaka tulipoachana, na huo ndio utaratibu mzuri. Akaomba picha zote. Zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa za mbele.

"Alhaji, nyuma hukupiga?"

"Nyuma kuna nini?"

"Nyuma ndiko nyumba iliko," Upendo akasema. "Huku mbele ni uso tu."

Alhaji akasema yeye anataka uso, nyuma tuweke chochote. Kwa kauli hiyo, vijana, historia yote ya kuficha bati katika milima ya Kigoma ilianza.

Upendo hakuwa mtu wa kukurupuka. Alitafuta, akasoma, akaja kutueleza. Akasema nyumba zile za mashambani Uingereza zilijengwa na watu wenye ardhi isiyokwisha na wageni wasiokwisha. Kila kitu kilipangwa ili mgeni akiwa bado yuko mbali, kwenye gari la farasi, ashikwe na woga kidogo. Mlango katikati ili asiwe na shaka pa kuingilia. Ukumbi mkubwa nyuma ya mlango, ngazi pana ikipanda, ili mwenye nyumba ashuke taratibu huku mgeni amesimama na kofia mkononi. Jikoni mbali, hata chini ya ardhi, ili harufu ya kitunguu isimfikie mtu mwenye heshima. Na ngazi nyingine nyembamba nyuma, ya watumishi, wapande na kushuka na ndoo zao bila kuonekana.

Mke wa Alhaji, Bi Mwanaidi, tuliyemwita Mama Rukia, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Hiyo ngazi ya watumishi," akauliza, "atapita nani?"

Upendo akatazama ramani, Alhaji akamtazama Upendo.

"Nauliza kwa sababu mtumishi wa nyumba hii namjua mimi. Ana ndoo yake na ana goti bovu. Sasa mnataka apande kwenye kijia cha panya ili mume wake asimwone?"

Ngazi ya nyuma ikafutwa kwenye ramani. Jiko likawekwa uani, karibu na mlango wa nyuma. Hilo ndilo badiliko pekee ambalo Alhaji alikubali bila kutoa simu.

Mengine karibu yote alikataa. Kulikuwa na dirisha moja, upande wa kulia, lililozibwa kwa mawe. Alilikumbuka vizuri. Watembezaji wa kule walimweleza yeye na Rukia kwamba zamani serikali ya huko ilitoza kodi ya madirisha, watu wakaziba baadhi ili wapumue. Alhaji akataka na lake lizibwe.

"Alhaji," nikamwambia, "hapa hatutozwi kodi ya madirisha."

"Bado," akasema.

Nikajenga dirisha, nikalipamba na fremu ya saruji, kisha nikaliziba. Wapita njia wa Heru Juu, kulikokuwa kiwanja chake, waliokuwa wanatoka sokoni na mihogo kichwani, walisimama kunitazama nikiziba nilichotoka kukifungua. Mmoja akaniuliza kama ninalipwa mara mbili.

Kisha mabomba ya moshi. Uingereza kila chumba kina moto wake, kwa hiyo kila chumba kina bomba lake. Sisi tulijenga manne juu ya nyumba ambayo haikuwa na moto hata mmoja, maana Mama Rukia alipikia nje kama mtu mwenye akili. Asubuhi za Juni, Kasulu ikiwa na baridi ya kung'ata masikio, mabomba yale yalisimama juu kama vidole vinavyoomba kiberiti. Njiwa waliyapenda sana. Mpaka leo ndio wapangaji wa kudumu.

Sasa tufike kwenye paa, maana ndipo nilipotaka tufike. Paa lililojificha, vijana, si paa lililofutwa. Lipo, limelala nyuma ya ukuta wa juu kama mtu anayemkwepa mgambo. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye bati kama kawaida, lakini badala ya kudondoka nje yaende zake shambani, yanakutana na ukuta. Hapo yanaingia kwenye gata la ndani, ule mfereji ulio kati ya bati na ukuta, yanatafuta bomba la kushuka. Bomba likiziba, maji hayasemi "samahani, tutarudi kesho." Yanapanda. Yakipita kimo cha gata yanaingia chini ya bati, na chini ya bati ni kwako.

Mimi na Upendo, ambao hatukuwahi kukubaliana hata juu ya saa ya chai, kwenye hili tulikuwa mtu mmoja. Tukamwambia Alhaji: gata liwe pana kiasi cha mtu kutembea ndani yake, mabomba yawe manene, na kwenye ukuta wenyewe tuache matundu ya dharura, chini kuliko kimo cha gata. Mabomba yakizidiwa, maji yatokee kwenye matundu kwenda nje.

"Kwenye picha hakuna matundu," Alhaji akasema.

"Kwenye picha hakuna Kasulu," Upendo akasema.

Alinung'unika, lakini matundu tukayaweka. Nyumba ikapanda, mwaka ukaisha, mwingine ukaja. Ukuta wa mbele nikaupiga plasta laini, nikachora mistari uonekane wa mawe, ukapakwa rangi nyeupe. Juu ya mlango, kwenye ukuta wa juu, nikajenga kichwa cha pembetatu chenye ua la saruji katikati, nililolichonga kwa kisu cha mezani. Niwaambie ukweli, lilikuwa zuri. Niliwahi kumkuta Injinia Upendo amesimama barabarani peke yake akilitazama. Aliponiona akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Mvua za kwanza zikaja, matundu yakafanya kazi yake. Lakini vumbi letu ni jekundu, nanyi mnalijua. Maji yaliyotoka kwenye matundu yakashuka kwenye ukuta mweupe na vumbi lote la paa, yakaacha michirizi kama ya mtoto aliyelia na makamasi. Alhaji alipoiona alishika kichwa. Alikuwa ameshaalika watu kwa dua ya kuingia nyumba. Nikamwambia tutaifuta, tena tutaongeza vimdomo vya bati vitupe maji mbali na ukuta. Akasema sawa. Nikaenda Makere kwenye msiba wa shangazi yangu nikiwa na amani.

Niliporudi ilikuwa siku yenyewe ya shughuli, Novemba ya 2014. Nikashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba, nikatazama juu. Ukuta ulikuwa mweupe kama kanzu ya Idi. Hakuna mchirizi. Na matundu pia hakuna.

Nilimkuta Alhaji mlangoni, kanzu imenyooka, koti jeusi juu, anapokea wageni.

"Alhaji, matundu yamekwenda wapi?"

"Nilimwita kijana mmoja akayaziba akapiga rangi. Fundi, karibu ndani."

"Alhaji, mabomba yale yana majani ya mikaratusi. Nilitaka kuyasafisha kabla..."

"Leo ni siku ya wageni, si siku ya matundu." Akanishika bega, akatabasamu. "Ingia ukae. Kaa kiti chochote."

Niliingia, lakini kukaa nilishindwa. Nikasimama karibu na Upendo, ambaye naye alikuwa ameshaona, na ambaye alikuwa anatazama dirishani kule juu ya milima, ambako wingu lilikuwa jeusi kwa juu na la kijani kwa chini. Mkulima yeyote wa Uha akiona ukijani ule huingiza mbuzi ndani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Masheikh, wafanyabiashara wenzake, watumishi wa serikali na wake zao, majirani wa Heru Juu waliovaa vizuri na kukaa pembeni. Mbele kabisa mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja aliyekalia kiti kikubwa kuliko vyote, na mshereheshaji na kipaza sauti chake. Dua ikaanza. Katikati ya dua, juu yetu, mtu akaanza kumwaga kokoto.

Bibi mmoja jirani akapiga kelele, "Mawe we!" Kwetu Uha hiyo maana yake ni "mama yangu!", ndivyo mtu anavyosema akishtuka. Wageni wa pwani wakadhani anatangaza hali ya hewa. Wote walikuwa sahihi.

Mvua ya mawe ilipiga bati mpaka sheikh akawa anafungua mdomo tu bila sauti. Mimi kichwani nilikuwa nimeshakuwa maji. Nilikuwa kule juu, nimekutana na ukuta, nimeenda kwenye bomba nikakuta majani na barafu, nimeenda kwenye tundu nikakuta plasta ya kijana mmoja. Sasa napanda.

Tone la kwanza likaanguka kwenye bega la mheshimiwa. Akalipangusa. La pili likaanguka kwenye paji la uso.

"Ndugu wageni," mshereheshaji akasema, "tutulie. Haya ni matone ya baraka."

Baraka zikaongezeka. Silingi katikati ya ukumbi, ile jipsamu yenye maua tuliyoihangaikia wiki nyingi, ikaanza kufura tumbo. Upendo akapaza sauti, "Jamani tokeni! Tokeni hapa katikati!" Watu wakamgeukia, wakamgeukia mheshimiwa. Hakuna mtu anayesimama kabla mgeni rasmi hajasimama. Mgeni rasmi naye hawezi kusimama kabla mshereheshaji hajamwalika. Mshereheshaji alikuwa anatafuta karatasi ya ratiba aone kama kusimama kumo. Ndivyo watu wazima wenye elimu na mali wanavyoweza kufa chini ya silingi, itifaki ikiwa imezingatiwa.

Aliyetuokoa ni Mama Rukia. Aliingia kutoka nyuma, ushungi umelowa, mwiko wa pilau mkononi. Akatazama silingi. Akatazama watu. Hakusema hatari, hakusema kimbieni. Alisema kwa sauti ya mtu aliyewahi kulea watoto saba:

"Pilau linapakuliwa ghalani! Nyama ni chache!"

Sijawahi kuona jengo likihamwa kwa kasi ile. Mheshimiwa alikuwa wa tatu kutoka. Wakapita mlango wa nyuma, wakakimbilia ghala jingine la maharage, la huko uani, ambalo bati lake lilionekana wazi na halikuwa linavuja popote.

Wote walitoka, isipokuwa Alhaji. Alibaki amesimama katikati ya ukumbi wake, mikono imening'inia, anatazama juu. Nikamvuta mkono. Akajitoa.

"Niache, Butoyi." Hakuniita fundi.

"Alhaji, hii inashuka."

"Ishuke nikiwa humu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka miguu. Nikatoka nyuma, nikachukua nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, nikageuza karai nikalivaa kichwani kama kofia, nikapanda ngazi. Magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunisema wakati huo, lakini siku ile yalinyamaza.

Kule juu gata halikuwa gata tena. Lilikuwa mto wenye barafu, umenifika juu ya magoti, umeegemea ukuta wa mbele. Ukuta ulikuwa unahema. Ukiachwa ungeweza kuangukia ndani na kuondoka na kenchi zote, zile mbao zinazobeba bati. Mahali pekee ambapo maji yangetoka bila kuua mtu palikuwa katikati, juu ya mlango, penye kichwa cha pembetatu na ua langu. Nikamwita Upendo aliyekuwa chini, nikamwambia asimruhusu mtu yeyote kupita mbele. Kisha nikapiga.

Pigo la kwanza lilikata ua. Vijana, sitawaambia nilijisikiaje. Mtu akiwa na karai kichwani hana haki ya kulia.

Pigo la pili, la tatu. Chini nikasikia mlango mkubwa unafunguka kwa kishindo, na Alhaji akatoka mbio kwenye ngazi za mbele, kanzu imeloa, koti limebaki bega moja, uso umewaka.

"Butoyi! Wewe! Unavunja nini huko?"

"Navunja Uingereza, Alhaji!"

"Shuka! Shuka sasa hivi, mshenzi wewe! Nitakufunga!"

Upendo akamkamata kanzu kwa nyuma, akamburuta pembeni huku anatukanwa. Nikapiga tena, ukuta ukafunguka. Matofali, plasta, barafu na maji mekundu vikaruka nje kwa pamoja, vikashuka juu ya ngazi alizokuwa amesimama muda mfupi uliopita. Na wakati huohuo, ndani, silingi ya ukumbi ikakata tamaa. Ilishuka yote ya katikati, na mbao zake, juu ya kiti cha mheshimiwa na juu ya mahali ambapo Alhaji alikuwa ameniambia nimwache.

Kishindo kile alikisikia. Akaacha kutukana. Akageuka akachungulia mlangoni, akaona vumbi jeupe likipanda kutoka sakafuni. Akanitazama mimi kule juu, na karai langu. Kisha akakaa chini kwenye matope, na kanzu yake yote, Upendo bado ameishika.

Kama si hasira asingetoka. Nimefikiria sana jambo hilo. Ningemwita kwa upole asingekuja.

Baada ya hapo mngetegemea anikumbatie. Hamwajui watu. Alhaji hakusema nami neno. Mji ukaipa nyumba jina, "Bafu la Mwingereza," na watu wakawa wanapita barabara ya Heru Juu hata kama wanaelekea kwingine. Yeye akafunga geti. Akarudi kulala nyumba ya zamani nyuma ya duka. Nikikutana naye makaburini wakati wa maziko ya mtu, anatazama pembeni. Nami niliumia, maana tulikuwa tumekula pamoja miaka miwili. Nikapata kazi Kibondo, nyumba za walimu, vyumba viwili na sebule, bati linaonekana kutoka Kakonko. Nikaenda.

Nilikuwa juu ya jukwaa siku moja, 2015, mvua zikiwa zinaelekea kuisha, nikasikia mtu ananisalimia kwa chini. "Mwakeye." Salamu ya Kiha ya asubuhi, na ilikuwa alasiri, na aliyeitoa alikuwa na lafudhi ya Pangani. Nikatazama. Alhaji, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi.

Nikashuka. Tukakaa kwenye rundo la matofali.

"Nimezungumza na Rukia," akasema. "Nilikuwa sijamwambia. Nikamwambia yote. Unajua alifanyaje? Alicheka, Butoyi. Alicheka mpaka nikataka kukata simu. Halafu akasema, Baba, ile nyumba ya kule nayo inavuja. Ghorofa ya juu hawakutupeleka kwa sababu imejaa ndoo. Ndiyo maana wanaingiza watu, wapate hela ya paa."

Nikamtazama. Akanitazama. Nani alianza sijui, lakini walimu wa Kibondo walitoka madarasani kuona wazee wawili wanaolia machozi kwa kicheko juu ya matofali.

Alipopata pumzi akasema, "Mama Rukia anasema nije kukuomba paa. Linaloonekana."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema samahani. Paa anaomba yeye."

Nilirudi Kasulu. Upendo akachora, na tukabishana kama zamani. Tukapandisha kenchi mpya juu ya kuta za Kiingereza, bati likatoka nje pande zote kwa urefu wa mkono, maji yakadondoka chini kama alivyokusudia Mungu. Nyumba ikawa kama bwana wa Ulaya aliyevaa kofia ya mkulima, na ninawaambia, ilimpendeza. Pale juu ya mlango nikataka kujaza pengo nililolivunja na kurudisha ua. Alhaji akakataa.

"Liache. Nikiingia nilione."

Tukasafisha kingo zake, tukazipiga plasta, likabaki pengo. Familia ikahamia. Geti likaachwa wazi, na waliokuja kucheka wakakaribishwa chai, jambo linaloharibu sana kicheko.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa ya mwisho. Kabla mwaka haujaisha magoti yalinistaafisha. Nikawa mtu wa kutembeatembea kuona wengine wanafanya nini, na wazee hatuna sinema nyingine. Siku moja nikapita upande wa pili wa mji nikakuta kijana fundi, hodari, timazi yake imenyooka, anajenga nyumba ya mwalimu mmoja. Ukuta wa juu mzuri, mweupe, unazunguka. Na katikati, juu ya mlango, ameacha pengo. Kingo zimepigwa plasta safi.

Nikamsalimia. Nikamuuliza, "Kijana, hapo pamebaki kazi?"

Akacheka kwa heshima. "Hapana, mzee. Hiyo ni staili. Kila mwenye nyumba sasa hivi anaitaka."

"Ina kazi gani?"

Akashuka kwenye jukwaa, akajifuta mikono, akanieleza taratibu, kama mnavyotueleza sisi wazee mambo ya simu. Akasema majumba makubwa ya Uingereza yote huachwa wazi pale juu ya mlango. Ni kwa ajili ya hewa, na kwa ajili ya heshima, na kuna hesabu zake maalumu za upana ambazo si kila fundi anazijua.

Nikatazama pengo. Alikuwa amelipatia kabisa. Lilikuwa na upana uleule wa pale nyundo yangu ilipoishia.

Nikamshukuru kwa kunielimisha, nikaendelea na safari yangu.